Vyuo vya Wazee Wetu na Maktaba za Intaneti

Limekuwa neno la kila baraza siku hizi ya kuwa vijana hawasomi, na ya kuwa simu ndiyo iliyowatoa vitabu mikononi. Hatutaki kubishana na wasemao hivyo, kwani mengi wayasemayo twayaona kwa macho yetu. Lakini lipo jambo ambalo aghalabu halitajwi barazani, nalo ndilo tunalokusudia kulieleza hapa. Simu hiyo hiyo inayolaumiwa yaweza kufungua vyuo ambavyo wazee wetu walivitafuta umri mzima wasivipate. Na baadhi ya vyuo hivyo ni vya wazee wetu wenyewe, vilivyoandikwa kwa mikono yao katika pwani hii, vikachukuliwa Ulaya zaidi ya miaka 100 iliyopita. Leo picha zake zimerudi. Linalobaki kuulizwa ni kama katika nyumba zetu wapo watu wa kuvipokea.

Katika nyumba yetu hapa Mombasa tuna ada ambayo imeshika mizizi kwa miaka kadhaa. Usiku mmoja katika kila wiki, baada ya sala ya Isha na baada ya chakula, wakubwa na wadogo hukaa mkekani, na mmoja wa vijana akafungua kitabu katika tableti. Kitabu huwa kimekwisha kupakuliwa mchana, mahali ambapo intaneti ni rahisi, ili usiku tusome bila ya gharama. Hapana mashindano wala mtihani. Mmoja husoma, wengine husikiliza, na neno lisilofahamika huulizwa. Kwa ada hiyo tumepata kuzijua maktaba kadhaa za intaneti, nasi tumependa kuwaeleza wasomaji wetu zile tulizozitumia, faida zake na upungufu wake.

Ya kwanza ni ile iitwayo Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996 katika mji wa San Francisco, Marekani. Maktaba hii huweka vitabu vya zamani vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na mtu yeyote akaweza kuvisoma bila ya malipo. Humo tulikuta kamusi ya Kiswahili ya Johann Ludwig Krapf, iliyochapishwa London mwaka 1882. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 kwa kazi ya kueneza Ukristo, na katika kukaa kwake hapa na Rabai akawa akikusanya maneno ya watu. Alikufa mwaka 1881, kabla ya kamusi yake kutoka.

Huenda wakatokea watakaotuuliza: Kitabu cha mtu aliyekuja kwa kazi hiyo chatufaa nini? Jawabu letu ni kwamba dini yake ilikuwa yake, lakini maneno aliyoyaandika ni yetu. Ni maneno ya Mombasa ya zama za babu wa babu zetu, na mengine katika hayo hayasikiki tena ila kwa wazee wachache. Watoto wetu wamefundishwa skuli kusema njia, nchi na macho, nao wakimsikia bibi yao akisema ndia, nti na mato hudhani ya kuwa bibi hajui Kiswahili. Yafaa wajue ya kuwa lahaja ya Unguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano uliofanywa Mombasa hapa hapa mwaka 1928, na ya kuwa kabla ya hapo, na hata baada yake, lahaja nyingine zilikuwa na washairi wake na wanazuoni wake. Mtoto akiona neno la bibi yake limechapishwa katika kamusi yenye umri wa zaidi ya miaka 140, huacha kulicheka.

Katika maktaba hiyo hiyo kuna hadithi alizozikusanya Edward Steere kwa watu wa Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Hadithi ya Sultani Darai na paa wake imesomwa katika nyumba yetu mara nyingi hata wadogo wameihifadhi. Kuna pia mamia ya methali zilizokusanywa na W. E. Taylor na kuchapishwa mwaka 1891. Na kuna kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa imetokana na kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Huyu alieleza mambo ya watu wake tangu kuzaliwa kwa mtoto mpaka kuzikwa kwa maiti, naye alipata kufundisha Kiswahili Berlin. Jina la Velten ndilo lililokaa juu ya jalada, lakini msomaji mwenye insafu atamkumbuka pia aliyeandika.

Ya pili ni Project Gutenberg, ambayo ni kongwe kuliko zote. Mwaka 1971 kijana mmoja wa Marekani, Michael Hart, alipewa ruhusa ya kutumia kompyuta ya chuo kikuu cha Illinois. Akaona ya kuwa jambo bora la kufanya kwa chombo kile ni kuandika ndani yake maneno ambayo watu wote watataka kuyasoma. Alianza na tangazo la uhuru wa nchi yake, kwa kulipiga chapa herufi kwa herufi. Leo vitabu vilivyomo vimepita 70,000. Vingi mno ni vya Kiingereza, kwa hivyo humfaa zaidi mwanafunzi wa lugha hiyo. Uzuri wake ni kwamba humo kitabu huwa ni maandishi matupu wala si picha. Kitabu kizima hupakuliwa kwa gharama ndogo, na hufunguka hata katika simu dhaifu.

Kwa wasomao Kiarabu, ipo maktaba iitwayo al-Maktaba al-Shamila, yenye maelfu ya vitabu vya tafsiri, hadithi, fiq-hi, tarehe na lugha. Tumewaona vijana waliotoka katika madrasa zetu wakikitafuta humo kwa dakika moja kitabu ambacho sheikh wao alikisafiria mpaka Lamu au Unguja kwenda kukiazima. Na kwa watoto wadogo kuna African Storybook, iliyoanzishwa na jumuiya ya Saide ya Afrika ya Kusini, yenye hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwa miongoni mwake. Hadithi hizo zimeruhusiwa kusomwa, kunakiliwa na hata kufasiriwa upya.

Ama kamusi na elimu ya jumla, wengi wa wasomaji wetu wanaijua Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, na ambayo makala zake zimepita 80,000. Zimeandikwa na watu wa kujitolea. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo pia khatari yake; kwani apendaye huandika, na ajuaye na asiyejua kalamu yao ni moja. Shauri letu kwa vijana ni kwamba wasome makala, kisha watazame chini yake imetegemea nini. Na wakiona kosa katika khabari za mji wao, wasibaki kulalamika, bali walisahihishe. Mji usioandikwa na wenyewe huandikwa na wageni.

Hayo yote tuliyoyataja ni vitabu vilivyochapishwa. Lakini yaliyotufungua macho khasa ni yale yaliyoandikwa kwa mkono.

Msomaji ajua ya kuwa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya kuandikwa kwa hizi za Kirumi. Utenzi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mawaidha mwaka 1858. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mpaka karibu na mwaka 1840, mashairi yake yalikuwa vinywani mwa watu, na lau si juhudi za wachache yangalikwenda na wenye vinywa hivyo. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya na kuyafafanua. Taylor akayapokea kwake na kuyachukua Uingereza. Na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha mengi katika diwani. Karatasi za Taylor zimo mpaka leo London, katika maktaba ya skuli ya SOAS, ambayo ni sehemu ya chuo kikuu cha mji huo. Pamoja nazo zimo za Hichens mwenyewe, za Alice Werner, na za wengineo waliokusanya vyuo vya pwani. Nyingi katika hizo zimepigwa picha na kuwekwa katika intaneti.

Hata hivyo picha peke yake haingalitosha. Chuo kisichojulikana kina nini ni sawa na sanduku lililofungwa. Miongoni mwa walioifanya kazi ya kuvisoma na kuvieleza vyuo vya SOAS kimoja kimoja, ili mtafutaji ajue anachokitafuta kiko wapi, alikuwa Sheikh Yahya Ali Omar, mwana wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2008. Chuo kikuu kile kilikuwa na mabingwa wengi wa lugha, na juu ya hayo kilimhitaji mtu aliyelelewa katika mitaa yetu, aliyesoma katika vyuo vyetu vya Kurani, aliyeyasikia maneno yale kwa mama yake kabla ya kuyaona katika karatasi. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwani ndipo ulipo moyo wa maneno yetu.

Kuna njia nyingine iliyo bora zaidi, ambayo haikiondoi chuo kwao. Tangu mwaka 2004 maktaba ya taifa ya Uingereza, British Library, imekuwa na mpango wa kusaidia nyaraka zilizo katika khatari ya kupotea popote duniani. Shuruti yake ni kwamba karatasi zenyewe zisitoke katika nchi yake. Hupigwa picha pale pale zilipo, na picha ndizo zinazosafiri. Kwa mpango huo vyuo vya Msikiti wa Riyadha wa Lamu vimepigwa picha, na mwenye intaneti aweza kuvitazama. Karatasi ingali Lamu, mikononi mwa wenyewe, na mwanafunzi aliyeko Maskati au Toronto anaisoma.

Basi tulipoanza kuzifungua picha hizi usiku wetu wa kusoma, tulikutana na mlango wa pili. Vijana wetu wote wamekhitimu Kurani, na herufi za Kiarabu wanazijua. Walidhani ya kuwa yawatosha. Lakini herufi za Kiarabu hazina p, wala v, wala ch, wala nyingi katika sauti zetu. Wazee wengi waliandika b, p na mb kwa herufi moja ya ba. F na v kwa fa. D na nd kwa dali. Na katika alama za sauti, kasra ilikuwa ni i na e, na dhumma ilikuwa ni u na o. Kwa hivyo asomaye hana budi kulijua neno kabla ya kulisoma. Jicho humpa nusu, na nusu nyingine huitoa katika lugha aliyonayo kifuani.

Tulilijaribu hilo kwa daftari la babu yetu, lenye vitendawili na dawa za kienyeji. Kijana mmoja akasoma kwa sauti ya kujiamini: "Bubu huruka usiku." Bibi, ambaye umri wake umepita miaka 80, akacheka hata akajifuta machozi. Akamwambia, "Mjukuu wangu, bubu wamuona wapi akaruka? Huyo ni popo!" Na kweli, katika khati ile bubu na popo huandikwa mamoja. Tangu siku ile vijana wakafahamu ya kuwa simu yao ina chuo, lakini ufunguo wa chuo umo katika kinywa cha bibi.

Bibi naye alikuwa na dhiki yake. Herufi ndogo za karatasi kuukuu zilikuwa zimemshinda kwa udhaifu wa macho, na kwa miaka mingi alikuwa ameviacha vyuo vyake ndani ya bweta. Alipoona ya kuwa picha iliyomo katika tableti hutanuliwa kwa vidole viwili, hata herufi moja ikawa kubwa kama yai, alinyamaza kidogo. Kisha akaitaka picha nyingine. Tangu hapo yeye husoma na wajukuu humwandikia; asichokiona wanakikuza, na wasichokijua anawaambia. Hatujapata kuona chombo kilichowakutanisha watu wa marika mawili kama hicho, nacho ni kile kile tunachokilaumu ya kuwa kimewatenga.

Faida ya jambo hili ilidhihiri mahali ambapo hatukutazamia. Miaka michache iliyopita jirani yetu mmoja, mtu mzima na mwema, alifariki dunia. Warithi wake wakakuta sanduku la karatasi za babu yake, zimeliwa na mchwa pembeni, zote kwa herufi za Kiarabu. Nao wakafanya walivyozoea kufanya watu wengi: wakazichukulia zote kuwa ni za Kurani na dua, wakaazimia kuzizika mahali pa heshima ili zisije zikakanyagwa. Nia yao ilikuwa njema, na kulihifadhi jina la Mwenyezi Mungu ni wajibu. Lakini si kila kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu ni Kurani. Tuliwaomba watupe siku 2 tu za kuzitazama, wakakubali.

Karatasi zilitandazwa mkekani, vijana wakapiga picha moja moja, na bibi akaanza kuzitenga. Kurasa za msahafu upande mmoja, dua upande wa pili. Kisha zikatoka nyinginezo: kipande cha utenzi, hesabu za mikungu ya ndizi, dawa ya homa, na barua. Barua moja ilikuwa ya Kiswahili, ya mwaka 1331 wa Hijra, yaani 1913, iliyotoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Lamu. Alikuwa akimwambia babu wa marehemu ya kuwa zile rupia 40 anazomwia amemwongezea muda mpaka msimu ujao, na asijitie dhiki.

Baraza lote lilinyamaza. Hapakuwa na karatasi yoyote nyingine iliyoonyesha ya kuwa deni lile lililipwa. Huenda lililipwa, na huenda halikulipwa. Na sote twajua uzito wa deni kwa maiti. Rupia zenyewe ziliondoshwa hapa Kenya mwaka 1920, lakini haki ya mtu haiondoki kwa kubadilika sarafu. Warithi wakamwendea sheikh, naye akawashauri wawatafute warithi wa mwenye mali, na wakiwapata wawaeleze kama yalivyo. Yalipita miezi mitatu ya kuulizana, mpaka akapatikana Malindi mjukuu wa mfanyabiashara yule, mama mtu mzima. Alipoelezwa, akasema amesamehe, na Mungu amsamehe kila mmoja. Alitaka kitu kimoja tu: apewe picha ya ile barua, kwani hakuwahi kuiona khati ya babu yake.

Lau sanduku lile lingalizikwa siku mbili mapema, deni lingalizikwa nalo. Na ni masanduku mangapi yamezikwa, au kutoswa baharini, au kuchomwa kwa heshima, na ndani yake mna wasia, waraka wa shamba, wakfu wa msikiti, au utenzi wa mwanamke ambaye jina lake hatutalijua? Watu husema kuwa mali bila ya daftari huisha bila ya khabari. Sisi twaongeza ya kuwa na daftari bila ya msomaji ni vivyo hivyo.

Kwa hivyo twawaomba wasomaji wetu, kila mwenye sanduku la wazee, asilizike kabla ya kusomewa. Kazi yenyewe si ngumu, na mashine ya gharama kubwa haihitajiwi. Karatasi na iwekwe juu ya kitambaa safi karibu na dirisha, penye mwangaza wa mchana lakini si jua kali. Isikunjuliwe kwa nguvu, wala isigandishwe kwa utepe wa gundi, kwani gundi huila karatasi. Kila ukurasa upigwe picha mzima, pembe zote 4 zionekane, kwa mpango wake, pamoja na kurasa tupu. Kisha iandikwe palepale: karatasi za nani, zimekutwa wapi, lini, na nani amezisoma. Picha ziwekwe mahali pawili mbali mbali, kwani simu huibiwa na huanguka majini. Na zile karatasi zenyewe zisitupwe kwa kuwa zimepigwa picha, wala zisiuzwe kwa mpita njia. Picha ni mlinzi wa karatasi, si badala yake.

Na jambo la kutangazwa lipimwe. Utenzi na khabari za mji zina faida kwa wote, na yafaa kuzipeleka kwa maktaba au chuo kikuu kinachozihifadhi. Chuo kikuu cha Dar es Salaam, mathalani, kina mkusanyo wa vyuo vya Kiswahili na Kiarabu ambao orodha yake, iliyoandikwa na J. W. T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970. Lakini barua za siri za mume na mke, ugomvi wa ndugu, na aibu za watu ni amana. Kupatikana kwake katika sanduku hakuzifanyi kuwa za soko, na warithi wote wana haki ya kuulizwa.

Hapa pana neno la kuwaambia vijana khasa, juu ya haki ya waandishi walio hai. Vitabu vingi tulivyovitaja ni vya bure kwa sababu muda wa haki za watungaji wake umekwisha, au kwa sababu wenyewe wametoa ruhusa. Katika sheria za Kenya na za Tanzania bara, haki hiyo hudumu maisha ya mtungaji na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ama riwaya ya mwandishi aliye hai, iliyopigwa picha na mtu asiyejulikana na kutumwa kutoka simu hadi simu, hiyo si maktaba. Ni mali ya mtu iliyotolewa dukani kwake bila ya idhini yake. Wale wale wanaolalamika ya kuwa vitabu vya Kiswahili ni vichache huwa wanampokonya mwandishi wa Kiswahili bei ya kitabu kimoja alichokiandika kwa miaka miwili. Anayeipenda lugha na anunue kitabu cha mwenye lugha. Na asiye na uwezo, amwazime aliyenunua.

Pia wasidanganyike na wepesi. Internet Archive, pamoja na picha, hutoa maandishi yaliyosomwa na mashine, na mashine hukosea: hugeuza herufi, huunganisha maneno, na Kiswahili cha zamani huipa taabu zaidi. Mwenye kunukuu na atazame picha yenyewe. Na vyuo hivi vilivyokusanywa na wageni visomwe kwa macho mawili. Waliokusanya walichagua walivyotaka, wengine walifasiri vibaya, na wengine waliwasahau waliowafundisha. Tukivipokea kwa shukrani bila ya kuvipima tutakuwa tumejidhulumu. Na tukivikataa vyote kwa sababu ya mikono iliyovibeba, tutakuwa tumewakataa waliovitunga.

Ndugu zetu wazazi, hatuwaambii muwape watoto simu na kuwaacha nazo. Twawaambia mkae nao. Usiku mmoja katika wiki si mwingi. Aanze mtoto na hadithi fupi, aendelee kwa methali, kisha aingie katika tenzi, na pembeni pake awepo mtu mzima wa kumwambia ndia ni nini na mato ni nini. Asiye na bibi nyumbani na atafute bibi wa jirani. Wako wengi waliokaa peke yao katika vyumba vya ndani na hazina vifuani, hawaulizwi kitu ila kama wamekula.

Nanyi vijana, msingoje. Karatasi za London zimehifadhiwa mahali pakavu, na picha zake zitawangoja mpaka mpate nafasi. Lakini anayejua kuzisoma hangoji. Kila mwezi twamzika mmoja. Vyuo vikibaki na wasomaji wakaondoka, tutakuwa na maktaba kubwa kuliko zote walizopata kuwa nazo wazee wetu, nasi tutakaa mbele yake tukisoma bubu palipoandikwa popo. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuipokea amana hii ingali na wenye kuijua.